Kwa wadogo zangu mliofika uani kwa Abah

Juzi usiku nilikaa kibarazani kwa Abah, mzee anayetufundisha pencak silat, sanaa ya kupigana ya Indonesia, nikiwatazama, nikashindwa kuvumilia. Mmoja wenu, wiki ya tatu tu tangu afike, ameegesha simu kwenye chungu cha maua anajirekodi akicheza pepedangan (mchezo wa panga) aliyoiiba kwa macho kutoka kwa wakubwa. Mwingine akamuuliza Abah mbele za watu atapewa lini mkanda. Abah akacheka, akamwongezea chai, na nyinyi mkadhani amefurahi. Mimi sikulala. Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Bogor. Nilikuja kama nyinyi, na ufadhili wa masomo na begi moja, na kila Septemba naona watu wa nyumbani wakijikwaa kisiki kile kile nilichojikwaa mimi. Naandika kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema lugha ilimpiga chenga.

1. Ukifika langoni sema "punten", kisha subiri "mangga". Ni hodi na karibu, mmezaliwa nazo, sioni sababu ya mtu wa Tanga kuingia uani kimya kama mwizi. Mkono wa Abah unaupokea na kuupeleka kwenye paji la uso. Viatu nje.

2. Acheni habari za mkanda. Najua kilichowavuta. Mmeona Jakarta 2018, michezo ya Asia, Indonesia ikizoa dhahabu 14 kati ya 16 za pencak silat. Mwaka uliofuata UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, nanyi mkapata la kujibu mzazi akiuliza kwa nini hamkuchagua karate. Hayo yote ni heshima kubwa, na walioyapigania tangu IPSI, chama cha pencak silat cha Indonesia, ilipoundwa Surakarta mwaka 1948 wanastahili kila sifa. Mwenye kutaka ulingo, alama na mwamuzi, vilabu vipo tele mjini, nitampeleka mwenyewe kwa pikipiki.

Lakini hapa ni Cimande, mtindo wa silat wa huku, na Cimande ya Abah haina mkanda. Alfajiri anauza tofu sokoni, mchana yuko kwenye mpunga, baada ya isha yuko uani. Hatozi ada. Mtu analeta sukari, mwingine kahawa, mwingine haleti kitu mwaka mzima na anafundishwa sawa na wengine. Ukimwita guru mbele ya wageni anakuonyesha picha ya marehemu mwalimu wake ukutani, kana kwamba umekosea mtu. Msidanganyike mkaona upole ule ni kutojua. Mwulizeni yeyote aliyekaa naye kelid, zoezi la mwanzo la mkono kwa mkono, magoti kwa magoti, akajaribu kuusogeza mkono wake.

3. "Deui." Tena. Mtalisikia mpaka ndotoni. Analisema ukikosea na analisema ukipatia, wala msimuulize ipi ni ipi.

4. Balur, mafuta ya kukandia mikono, kabla na balur baada, hata kama mikono haiumi. Wiki mbili za kwanza itavimba na kubadilika rangi, ni kawaida. Vueni saa na bangili.

5. Golok, yaani panga. Hapa nakaa, kwa sababu ndipo uchungu wangu ulipo.

Nilikuwa na miezi minane. Miezi minane ya kelid tu, nimekunja miguu kwenye mkeka, mkono kwa mkono, deui, deui. Wenzangu wawili walioanza pamoja nami walikuwa wameshaonjeshwa selup, hatua inayofuata kelid. Moyoni nikajijengea kesi: Abah ananibagua kwa kuwa mgeni, au ananichelewesha ili nisiondoke na siri za watu. Sikumuuliza. Badala yake nikaanza kukaa pembeni usiku nikiwatazama wakubwa wakicheza pepedangan, nanakili hatua kichwani, kisha nazirudia chumbani bweni nikishika rula ya chuma.

Alasiri moja nikafika uani mapema. Abah hajarudi. Golok za mbao mnajua zinapokaa, zimechomekwa juu kwenye kenchi. Nikashusha mbili. Kijana wa jirani, wakati huo ana miaka 16, alikuwa pale anafagia. Nikamwita tucheze. Akasita, akasema hatujapewa. Nikamwambia, "Taratibu tu." Yeye ni mdogo, mimi ni mkubwa anayeniita Kang, yaani kaka, angekataaje? Hilo peke yake linatosha kunikosesha usingizi: nilitumia adabu yake kumvunjia adabu yake.

Mara ya kwanza ilikwenda vizuri. Mara ya pili vizuri zaidi, nikaongeza kasi. Mara ya tatu nikashusha ile ya kukata kwa chini, naye akaleta mkono kupokea kama anavyopokea kelid, kwa sababu ndicho alichofundishwa, na mimi sikujua mahali pa kuisimamisha. Ile hatua niliyoiona kwa macho ina kituo ndani yake, mguu wa nyuma unakwama kabla mkono haujafika. Kituo hakionekani ukiwa umekaa pembeni. Unakipata mwilini baada ya kelid elfu kadhaa, na mimi sikuwa nacho. Mlio haukuwa wa mbao kwa mbao. Akakaa chini polepole, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na hakulia. Akaniangalia mimi kana kwamba nitamwambia la kufanya.

Abah alirudi na ndoo zake tupu za tofu. Hakuuliza nani. Akapiga goti, akaupitisha mkono wa kijana kwenye kidole gumba chake, kidogo kidogo, macho ameyafumba, mpaka akasimama mahali. Akaomba vipande vya mianzi na kitambaa. Nilivileta nikitetemeka. Baada ya magharibi akavaa shati safi, akafunga kilo chache za mchele kwenye kitambaa, akaniambia nimfuate. Tukapita kwenye matuta ya mpunga gizani, yeye mbele na tochi. Nilijiandaa njia nzima kwa maneno ya kujieleza.

Sikupewa nafasi. Tulipofika, baba wa kijana akatukaribisha kwenye kochi. Abah akakataa, akaketi sakafuni karibu na mlango, mzee wa miaka zaidi ya 70, akainamisha kichwa kwa mtu anayeweza kuwa mwanawe. Akasema, "Nimekuja kuomba radhi. Mkono uliomuumiza mwanao ni mkono wangu." Mimi hakunitaja. Baba yule hakupaza sauti, akaleta kahawa. Nilikuwa nimeketi nyuma ya Abah naona kisigino chake kilichopasuka kwa tope la shamba, na nikatamani nipigwe.

Asubuhi walikwenda kupiga picha, mfupa ulikuwa umepasuka bila kuhama. Kijana alikosa mitihani miwili.

Nilitarajia kufukuzwa. Usiku uliofuata Abah aliketi mbele yangu mkekani, akanyoosha mkono, tukaanza kelid ya kwanza kabisa, ile ya siku ya kwanza. Deui. Hivyo hivyo kwa miezi minne, yeye mwenyewe, hakuniachia mtu mwingine. Golok niliipewa mwaka wa tatu, kwa mkono wake.

6. Talek, kiapo cha Cimande. Nawasikia mnavyoimung'unya kabla ya mazoezi, mnakimbilia mkekani. Ina vipengele 14 na nyinyi mna bahati ambayo Mzungu au Mjapani akija hapa hana: sikio lenu linayajua maneno yake. Ria, takabur, zina, hayahitaji kamusi. Kile cha ria na takabur nilikuwa nakitamka vizuri kuliko wote, matamshi safi ya madrasa, na wiki hiyo hiyo nikashusha golok kwenye kenchi. Tangu hapo nakisema polepole.

7. Mkiona mnacheleweshwa, muulizeni. Abah hujibu. Nilipomuuliza hatimaye kwa nini wenzangu walinitangulia, alishika bega langu la kushoto akalibonyeza, likashuka inchi nzima. Nilikuwa nimelibeba juu miezi yote minane. Alikuwa anangoja lishuke lenyewe.

Na huyo Kang anayewapokea langoni, anayewapanga mkekani na kuwafunga mikono kwa balur, ndiye yule kijana. Mkiketi naye kelid msiubane ule mkono wa kulia karibu na kifundo. Mvua ikikaribia bado unamuuma, na hatawaambia.