Udi umeinuka uso: tuweke kiyoyozi?

Swali: Nafundisha muziki Tanga. Shule ina udi kadhaa, fidla, klarineti mbili na ngoma za ngozi. Masika haya udi mmoja umeinuka uso (ubao wake wa mbele), vigingi vya nyuzi vimekaza, na ngoma zimeota ukungu. Uongozi unataka kuweka kiyoyozi. Wanafunzi nao wanauliza shule ya muziki ichangie nini kwenye suala la mabadiliko ya tabianchi. Tuanzie wapi?

Jibu: Mwalimu, kiyoyozi kiacheni kwanza. Ala ya mbao huvumilia unyevu mwingi kuliko inavyovumilia unyevu unaopanda na kushuka kila siku. Mkikiwasha saa tatu asubuhi na kukizima saa kumi jioni, mbao zinakauka mchana na usiku zinarudia unyevu wa bahari. Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu. Vijiti vya ndani vinavyobeba uso wa udi vimebandikwa kwa gundi kwa kuukingama, kwa hiyo uso unapotaka kutanuka, vijiti vinaukatalia. Gundi ndiyo inayoachia. Na bili ya umeme mtailipa vilevile.

Nunueni kipima unyevu kidogo mkiweke kabatini. Ala za nyuzi hupenda asilimia 40 hadi 60. Masika ya pwani yatapita hapo, na hamna haja ya kushindana na bahari. Angalieni tu kipimo kisirukeruke. Ala zikae ndani ya makasha yake, mbali na ukuta wa nje, zikiwa juu ya sakafu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilimwaga mvua zilizokata barabara ya kwenda Lindi. Chumba cha chini kinaweza kujaa maji usiku mmoja. Vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya vitieni ndani ya makasha, na vikishashiba mvibadilishe.

Msiache udi wala fidla ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi ya ngozi, ambayo mafundi wengi bado wanaitumia, hulainika joto likikaribia nyuzijoto 60.

Ngoma zifuteni ukungu kwa kitambaa kikavu, kisha muzianike kivulini penye upepo. Kuipasha ngoma motoni ni kwa dakika chache kabla ya kupiga, ili sauti ipande. Ikizoeshwa moto kila siku, ngozi hupasuka.

Wanafunzi wenu wameuliza swali zuri, na mimi ningewajibu kwa kuwaonyesha klarineti yao. Klarineti nyingi nzuri duniani ni mpingo, na mpingo huo hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Mti wake hukadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Inaniuma kuona klarineti inatupwa kwa ajili ya ufa mdogo, wakati ufa huo huzibwa kwa unga wa mpingo na supaglu, ukapigwa msasa laini. Wafundisheni kuziba ufa, kubandika daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi usoni mwa udi), kuwamba ngozi. Ala ikidumu miaka mingine 30, hakuna mti wa kukata wala mzigo wa kuagiza kwa ndege.

Mkipata nauli, wapelekeni Kilwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji huko, kwa msaada wa MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, na fedha ya mpingo huingia kijijini. Mwanakijiji anayefaidika na mpingo ana sababu ya kuzuia moto na kukataa msitu ufyekwe. Nawashauri mnunue mbao kutoka huko kabla ya kufikiria siku ya kupanda miti: mche wa mpingo hukua polepole sana, na usipokuwa na mlinzi huishia kwa mbuzi au kwa moto wa kiangazi. Kwa mizinga ya ngoma, mwembe au mfenesi ulioangushwa na upepo unatosha kabisa.

Ule udi ulioinuka uso ulegezeni nyuzi leo hii. Kisha nitumieni picha yake iliyopigwa kutoka ubavuni, nione kama ni daraja linalong'oka au ni vijiti vya ndani vilivyoachia.