Re: Nianze na pasipoti au transkripti? (niko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, naomba ufadhili wa nje)

Mdogo wangu, kabla ya vyote viwili anza na majina. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya mitihani vya NECTA na kitambulisho cha NIDA, usome herufi kwa herufi. Mimi herufi moja tu ilinila wiki tatu za kuhangaika na viapo vya kuthibitisha jina, dirisha la maombi likakaribia kufungwa. Niliumia sana.

Yakilingana, omba pasipoti. Ada ni shilingi 150,000. Transkripti, yaani orodha ya matokeo yako ya chuo, ifuatilie huku ukisubiri.

Walimu wa kukuandikia barua waone mapema, kabla hawajasafiri likizo. Wapelekee wasifu wako na maelezo ya kozi unayoomba, maana barua ya jumlajumla haikusaidii. Ukikwama, uliza hapahapa.