Dada wa Kiamunyi, usimpe ajenti hizo laki tatu

Usipeleke hizo pesa Ijumaa. Umeuliza mambo matatu: kama laki tatu za kushikia nyumba ya Kiamunyi, hapo Nakuru, ni nyingi, nani anafaa kumlipa ajenti kamisheni, na kama umpe ajenti huyo huyo auze ploti yenu ya Kakamega. Hayo yatasubiri. Mimi nilikwama pale ulipoandika, "ajenti wangu ni mtu mzuri, ameniombea kwa muuzaji anishikie hadi Ijumaa." Ajenti wako? Nani alimpa kazi? Nyumba ikiuzwa atalipwa na nani? Kama ni muuzaji, basi huyo ni ajenti wa muuzaji, hata kama amekuzungusha kwa gari lake wiki nzima bila kukudai mafuta.

Hilo nililijua mwaka 2019, na lilinigharimu laki nne na nusu.

Tulikuwa tunatafuta nyumba upande wa Lanet, Nakuru hiyo hiyo, mimi na baba watoto. Nafundisha shule ya msingi, na Sacco ilikuwa imeshanikubalia mkopo. Ajenti alikuwa kijana mwenye heshima zake, ananiita "mwalimu", simu anashika hata saa nne usiku. Siku ya pili tukiwa njiani akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ukibanwa kabisa unaweza kufika ngapi?" Nikamwambia milioni nne na nusu. Nyumba ilikuwa imetangazwa kwa milioni nne na laki mbili. Kesho yake nikaambiwa ametokea mnunuzi mwingine, sasa mwenye nyumba anataka nne na nusu kamili.

Wakili niliyemwendea baadaye, maji yakiwa yameshamwagika, alinieleza kwamba kwa hilo ajenti hakuvunja wajibu wake. Aliyemtuma ni muuzaji. Kazi yake ni kumtafutia muuzaji bei nzuri na kumfikishia anachosikia kutoka kwa mnunuzi. Siri ya mfuko wangu niliitoa mwenyewe nikaipeleka upande wa pili. Kwangu mimi alikuwa na deni la kusema ukweli, asinidanganye kuhusu kile anachoniuzia. Na hilo ndilo aliloshindwa nalo.

Nilienda ofisi ya ardhi nikafanya upekuzi rasmi, yaani kuangalia kwenye rejista nyumba imeandikwa kwa jina la nani na kama ina deni. Karatasi ilirudi safi: jina ni lile lile nililopewa, hakuna rehani, hakuna zuio. Nikatulia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba upekuzi unaonyesha yaliyosajiliwa tu, hauonyeshi kama mwenye jina bado anapumua. Aliyetutembeza vyumba alikuwa kijana wa familia, ana jina la ukoo lile lile, naye ajenti akimtaja anasema "mwenye nyumba". Nikalipa asilimia kumi, laki nne na nusu, kwenye akaunti ya ajenti. Nikapewa risiti ya kitabu cha kaboni, muhuri wa wino wa zambarau, maandishi "pesa za kushikia nyumba". Sahihi ni ya ajenti. Ya mwenye nyumba hakuna. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe. Ile risiti haikuwa mkataba wa chochote.

Wiki mbili baadaye nilirudi peke yangu kupima madirisha ya mapazia. Kando ya lango palikuwa na mama jirani anaanika mahindi kwenye turubai, anayageuza kwa mguu. Akanisalimu, akauliza kama mimi ndiye mpangaji mpya. Nikamwambia nimenunua. Akasimamisha mguu. "Umenunua kwa nani, mama? Mzee tulimzika 2013."

Nilimpigia ajenti nikiwa nimesimama pale pale. Hakushtuka. Akasema, "Mwalimu, hayo ni mambo madogo ya familia, vijana wameshakubaliana." Kumbe alijua tangu siku ya kwanza! Alijua mzee amekufa, alijua kesi ya urithi haijaisha, alijua kuna dada yao Eldoret ambaye hajaulizwa. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Yule kijana wa familia hakuwa na nyumba ya kuniuzia, na ajenti alilijua hilo huku akinihesabia soketi za umeme. Sijamsamehe. Hata "wakili wetu sote" aliyeniletea, eti kupunguza gharama, alikuwa ameandika rasimu inayosema pesa zimepokelewa na ajenti, akaliacha pengo tupu penye nambari ya kitambulisho cha muuzaji.

Nilipiga ripoti polisi, nikapewa nambari ya OB, kile kitabu cha kuandikia matukio kituoni. Hapo ndipo nilipojua kuna bodi ya kusajili mawakala wa nyumba na ardhi, chini ya sheria ya mwaka 1984, Sura ya 533, na kwamba kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Jina la yule ajenti halikuwamo kwenye orodha ya bodi. Mpaka leo nimerudishiwa laki moja na elfu themanini, vipande vipande. Mkopo wa Sacco niliulipa wote.

Kwa hiyo, dada, pesa ya nyumba isipite mkononi mwa mtu anayelipwa nyumba ikiuzwa. Tafuta wakili wako, umchague wewe, umlipe wewe. Yeye ndiye atakayeuliza muuzaji ni nani, yuko hai, ana mke au mume ambaye idhini yake inahitajika. Mkataba ukishatiwa sahihi, zile asilimia kumi zinakwenda kwa wakili wa muuzaji, azishike kwa niaba yenu nyote hadi mauzo yakamilike, na hilo liandikwe ndani ya mkataba. Hata ajenti awe amesajiliwa, hata awe binamu yako.

Leo mwambie hivi: "Nitumie nakala ya hati, kitambulisho cha mwenye nyumba na simu ya wakili wake. Wakili wangu atampigia." Usiongeze neno, na bei unayoweza kufika usiitaje. Atakwambia kuna mtu anakuja kesho na pesa taslimu. Mimi pia niliambiwa hivyo. Mwezi uliopita nilipita Lanet. Lango la ile nyumba limefungwa kwa mnyororo, na mpapai wa mzee umezaa hadi matunda yanaozea juu ya ukuta.