Kwa nini programu ya kampuni huchelewa kutoka kuliko ya chuo

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtafiti wa chuo amalize programu wiki hii na wiki ijayo watu wanaipakua, wakati kampuni yenye wahandisi kibao inakwambia subiri nusu mwaka. Nimefanya kazi pande zote mbili: kwanza utafiti chuoni, sasa niko Mtwara kwenye mfumo wa malipo ya wakulima wa korosho. Si uvivu.

Mtafiti anataka kuonyesha kwamba wazo lake linafanya kazi. Anaipandisha programu GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kugawana programu, ikiwa na leseni kama ya MIT, inayosema waziwazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Ikigoma kwako, utahangaika nayo mwenyewe. Tena ana haraka, maana mwenzake akitangulia kuchapisha, kazi yake inapungua uzito.

Kampuni inatoa kitu ambacho itadaiwa. Mwanasheria anapitia vipande vyote vya programu za watu wengine vilivyotumika ndani. Kikikutwa chenye leseni ya GPL, kampuni ikisambaza programu hiyo inaweza kulazimika kuwapa wateja msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, kwa hiyo mara nyingi kinang'olewa na kazi inaanza upya. Kuna ukaguzi wa usalama, na siku hizi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Halafu huku kwetu kuna korosho yenyewe. Minada huanza Oktoba. Toleo likikamilika mwishoni mwa Septemba, litasubiri msimu uishe, kwa sababu hakuna kiongozi wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) atakayekubali mfumo ubadilike wakati magunia yako kwenye mizani na mkulima wa Tandahimba anangoja hela iingie benki alipe ada ya mtoto. Namuunga mkono kabisa. Tukigusa hesabu ya makato, tunarudia malipo ya msimu uliopita kwenye toleo jipya na kulinganisha mkulima kwa mkulima. Ikizidi au kupungua shilingi moja, lazima ijulikane imetoka wapi. Kazi hiyo ndiyo inayokula muda kuliko kuandika programu, na ndiyo ninayoithamini zaidi.

Wanaodhani tunazidisha woga waangalie Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa. Agosti 1, 2012 walipandisha programu mpya, seva moja kati ya nane ikabaki na ya zamani. Ndani ya dakika kama 45 walipoteza zaidi ya dola milioni 400.

Ila kuna uchelewaji nisioutetea. Nimeshuhudia toleo lililofaulu majaribio yote likilala mezani kwa sababu wa kusaini yuko safarini na hakukaimisha mtu. Hapo hakuna mkulima anayelindwa, na inaniuma.

Kwa hiyo ukiambiwa miezi sita, waulize sasa hivi kinapimwa nini na anapima nani. Wakikutajia kazi na mhusika, wape muda. Wakikujibu "iko kwenye mchakato", wabane.