Grupu letu la mtaa limeingiliwa na maroboti

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga. Zamani ilikuwa raha, maji yakikatika unajua, msiba ukitokea unajua, watu wanabishana mpaka usiku na asubuhi wanasalimiana. Sa hivi kuna namba hatuzijui, zinaandika Kiswahili kimenyooka kama taarifa ya habari, hata saa nane usiku zinajibu papo hapo, halafu zinasifia mikopo ya simu. Wazee wamenyamaza. Juzi tukamtoa jamaa tukidhani roboti kumbe mpangaji mgeni katokea Muheza, kaumia sana. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na huyo mpangaji, mfuate kwake umuombe radhi, na ukimrudisha useme humohumo grupuni kwamba mlimkosea. Mlimpima kwa lugha, na lugha haipimi tena kitu, tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 mashine inanyoosha sentensi sawasawa na mwalimu.

Mgeni akikaa barazani kwenye kahawa hakuna anayemkagua Kiswahili chake, anaulizwa we wa nani, umefikia kwa nani, basi na nyie fanyeni hivyohivyo. Kwenye mipangilio ya grupu kuna sehemu ya admini kuidhinisha wanaoingia, iwashe leo, na linki ya kujiunga ibadilishe maana ile ya zamani ishazagaa. Kila anayeingia awe na mwenyeji anayemjua kwa sura, na akileta uongo mwenyeji wake aulizwe.

Meseji yenye mishale miwili ujue imeshapita mikono mingi, toka Aprili 2020 WhatsApp wenyewe wanazuia isitumwe zaidi ya sehemu moja kwa mpigo. Aliyeileta muulize kwa upole, we umeona nini? Mtu aliyetoka soko la samaki la Deep Sea asubuhi atakwambia vibua vimeshuka na ngalawa ngapi na kagombana na nani kwenye bei, na jirani yake aliyekuwepo atamsahihisha. Hapo ndo mazungumzo yanarudi.

Hao wazee usingoje waanze wenyewe. Mpigie mmoja mmoja, mwambie tunakuhitaji, kisha muulize grupuni kitu anachokijua yeye. Maji yakikatika tena, anza na yule anayejua koki ya bomba la mtaa wenu iko wapi.