Jibu kwa anayekwenda Siyu: badilisha tiketi ya ndege kwanza

Ndugu uliyeuliza kuhusu kukaa siku tatu Siyu, kisiwani Pate, badilisha tiketi hiyo leo, kabla hujafikiria nguo wala neti. Umeandika kwamba utaondoka kijijini asubuhi ya siku ya nne, kisha upande ndege uwanja wa Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, saa saba u nusu mchana. Mimi na mke wangu tulipanga hivyo hivyo mwezi wa Julai, na mpango ule ulitugharimu shilingi 23,000 za tiketi mpya, usiku mmoja wa hoteli ambao hatukuutaka, na ukimya wa mke wangu ambao sijui niukadirie kwa sarafu gani.

Kosa langu lilianzia kwenye mwezi. Nilichagua siku za mwezi mpevu makusudi, ili niipige picha ngome ya Siyu ikiwa katika mbalamwezi, na picha nilizipata, nzuri sana, ingawa nyumbani kwetu haziruhusiwi kutajwa. Mimi mtu wa bara sikujua kwamba mwezi ukiwa mpevu, na vilevile unapoandama, bahari huwa katika bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo pwani yetu hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Sasa, boti za Pate na Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakitoka haupitiki. Ndiyo maana boti za abiria hazina saa ya kudumu: zinafuata maji, nayo maji husogea kwa dakika 50 hivi kila siku.

Siyu nzima ilijua hilo. Mama mwenye nyumba tuliyolala alituuliza usiku, "Kwani hamwendi na boti ya alfajiri?" Nikamgeukia kijana aliyejiita mwongozaji wetu, ambaye tulimwokota gatini Lamu, naye akacheka na kusema kwamba boti ya alfajiri ni ya wachuuzi, wageni kama sisi tungekunywa chai yetu kwa utulivu na kuondoka gati ya Mtangawanda, huko huko Pate, saa moja u nusu kwa boti ya rafiki yake. Kijana yule amezaliwa visiwani, bahari iko mlangoni kwao! Siamini kwamba hakujua. Naamini alikuwa na chake kwa mwenye boti, na hadi leo nikimkumbuka mkono wangu hutafuta kitu cha kurusha.

Saa mbili na robo, katikati ya Mkanda, nahodha aliinua injini akashika upondo. Alisukuma mara nne, na mara ya tano upondo ulizama kwenye tope ukabaki umesimama wenyewe kama mlingoti wa bendera. Tukapwelewa, yaani maji yalitoka yakatuacha juu ya tope. Neno hilo nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza, na sidhani kama nitalisahau. Nilimwomba nahodha azungukie nje ya Manda kwa bahari kuu maji yakirudi kidogo. Akasema kwa upepo huu wa kusi hapeleki mtu huko. Nilipopendekeza tushuke tusukume, alivitazama viatu vyangu vyeupe, akajifunika kitambaa usoni, akalala. Boti ililalia ubavu, tukakaa tumeegemea mabegi, na kaa wadogo wakatoka matunduni mmoja mmoja kuja kutukagua. Tulielea tena saa saba kasoro robo. Tulipokuwa tunatoka Mkanda, ndege yetu ilipaa kutoka Manda ikapita juu yetu, na mke wangu akaipungia mkono.

Kwa hiyo usiku wa mwisho lala Lamu mjini. Usilale Siyu, wala Faza, wala mji wa Pate, hata mwenyeji akuapie kwamba asubuhi utafika. Ukirudi siku moja kabla kwa boti ya abiria, ikichelewa utakosa chakula cha mchana tu. Na habari za maji muulize mvuvi au mama mwenye nyumba, usimuulize mtu ambaye atalipwa ukipanda boti fulani.

Malazi yasikusumbue: sisi tulilala nyumbani kwa watu, tukala wali wa nazi na samaki, na ningerudi hata kesho. Mengine uliyouliza yamenitoka kichwani. Nitajie tu siku yako ya kuondoka itakuwa tarehe ngapi kwa hesabu ya Kiislamu. Ikiangukia kati ya 13 na 17, au siku mwezi unapoandama, usingoje hata jibu langu, wapigie simu waliokuuzia tiketi.