Kifuko cha Nyongo Kikivimba Ghafla: Vimeng'enya vya Damu Vinasema Nini?

ALT na AST, vimeng'enya vya ini, za mgonjwa wetu zimepanda mara tatu ya kawaida. Hali yake ni mbaya sana?

Si lazima. Jiwe dogo likipita kwenye mrija mkuu wa nyongo, vimeng'enya hivi hupanda ndani ya saa chache, kisha hushuka kwa siku kadhaa. Rudieni kipimo kesho yake. Vikizidi kupanda, huenda jiwe bado limekwama.

Basi ukali hupimwa kwa kutumia nini?

Mwongozo wa Tokyo wa 2018, wa kimataifa kuhusu uvimbe wa ghafla wa kifuko cha nyongo, una madaraja matatu ya ukali, na hakuna hata moja linalotegemea vimeng'enya vya ini. Daraja la pili ni seli nyeupe za damu kuzidi 18,000 kwa mikrolita, uvimbe wenye maumivu unaoshikika chini ya mbavu za kulia, dalili kupita saa 72, au dalili za usaha na kuoza kwa ukuta wa kifuko. Moja tu inatosha. Daraja la tatu ni kiungo kingine kushindwa kazi: kreatinini (kipimo cha figo) juu ya 2 mg/dl, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) juu ya 1.5, chembe sahani (za kugandisha damu) chini ya 100,000 kwa mikrolita, presha inayohitaji dawa ya kuipandisha, kuchanganyikiwa, au mapafu kushindwa. Kwa hiyo mwenye ALT ya kawaida na kreatinini ya 2.4 ndiye wa kukimbiliwa kwanza.

Na vimeng'enya vya mirija ya nyongo: ALP iko juu, GGT ya kawaida?

Angalieni mifupa, au kondo la nyuma kama ni mjamzito. Zikipanda zote mbili, bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) ikazidi 4 mg/dl na ultrasaundi ikaonyesha mrija mkuu umepanuka, shuku kubwa ni jiwe ndani ya mrija.

Na lipasi, kimeng'enya cha kongosho?

Ikifika mara tatu ya kikomo cha juu, pamoja na maumivu ya juu ya tumbo, kongosho nalo limevimba.

LDH, kimeng'enya kilichomo ndani ya seli, imepanda, lakini maabara wameandika kuwa seli za sampuli zilipasuka.

Msiitumie. Seli nyekundu zikipasuka humwaga LDH, AST na potasiamu. Toeni damu upya.

Seli nyeupe ni za kawaida. Tutulie?

Kwa mzee au mwenye kisukari, hapana: ukuta unaweza kuoza huku hesabu ikiwa tulivu. CRP, protini ya damu inayoonyesha uvimbe, nayo huchelewa, kilele chake huja karibu saa 48, hivyo ya saa za mwanzo hudanganya. Maumivu yakipungua ghafla huku mapigo ya moyo yakipanda, kifuko huenda kimeoza au kimetoboka. Mwiteni daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, msisubiri majibu ya asubuhi.